Leseni moja isibebeshwe kazi mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua nitoe dukuduku langu. Niko Marekani, nasomea ualimu wa shule: kufundisha Kihispania kwa watoto waliokulia kwenye Kiingereza, na kufundisha Kiingereza kwa watoto ambao nyumbani kwao kinasemwa kitu kingine, wengi wao Kihispania hicho hicho. Kila nikilitaja hilo kwa ndugu na marafiki, jibu ni moja: "Si lugha zote mbili unazijua? Basi umeshamaliza." Ningelipuuza kama lingekuwa neno la vijiweni tu. Kinachonisumbua ni kwamba hata wanaotoa leseni za ualimu wanaelekea kuliamini.

Wiki ya tatu ya mazoezi ya kufundisha, binti mmoja aliniuliza kwa nini Kihispania kinasema "quiero que venga" na si "quiero que viene". Nilijua lipi ni sahihi, ila sababu sikuwa nayo. Nikababaika, nikasema ndivyo ilivyo, naye akaandika kwenye daftari: ndivyo ilivyo. Usiku, nikiosha vyombo, ndipo iliponijia. Sisi tunasema "nataka aje". Hakuna Mswahili anayesema "nataka anakuja". Ile -e ya mwisho inafanya kazi ile ile: kitendo hakijatokea, kinatakwa tu. Maisha yangu yote nimeitumia bila kuiona, na kwa kuwa sikuiona kwenye lugha yangu, sikuweza kumwonyesha mwenzangu kwenye lugha ya tatu.

Kesho yake nilirudi na mifano kumi, somo likaenda. Nikapata kiburi kidogo. Nikaamua kwamba hata "ser" na "estar", zile "kuwa" mbili za Kihispania, nitazimaliza kwa njia hiyo, maana sisi tuna "ni mwalimu" na "yuko nyumbani", wakati mtoto wa Kiingereza ana neno moja kwa yote mawili. Mambo yakaniharibikia tulipofika "estoy cansado", yaani "nimechoka", ambayo hutumia "estar". Kwetu aliyechoka si "ni" wala "yuko", amechoka tu, basi. Mwalimu wangu mlezi, aliyekuwa amekaa nyuma ya darasa, alicheka mpaka akavua miwani.

Hayo ni ya Kihispania, na kwa kweli ndiyo upande mwepesi. Mtoto akishindwa "estar", amepoteza alama za Kihispania. Hajapoteza kitu kingine. Mtoto asiyejua Kiingereza katika shule ya Kiingereza anapoteza hesabu, sayansi na historia kwa wakati mmoja, huku akili anayo. Chukua swali la hesabu linalosema, kwa Kiingereza, tano pungufu ya namba fulani. Maneno yanaanza na tano. Hesabu inaanza na ile namba nyingine. Mtoto anayesoma neno kwa neno ataandika kinyume, na atawekewa alama ya kosa la hesabu ambalo halikuwa la hesabu. Anayemfundisha huyu lazima ajue lugha ya kila somo: jinsi swali la sayansi linavyofungwa na "ijapokuwa", jinsi kitabu cha historia kinavyoficha mtenda kwa kusema tu kwamba jambo fulani lilifanywa.

Sauti nazo zina yake. Kihispania kina irabu tano kama Kiswahili, kwa hiyo mtoto wake hujikwaa pale pale tulipojikwaa sisi, kwenye maneno mawili ya Kiingereza yanayotofautishwa na i fupi na i ndefu. Na kwa kuwa neno la Kihispania halianzi na s iliyogandana na konsonanti nyingine, akikutana na neno la Kiingereza la namna hiyo huitanguliza e. Namwelewa kabisa. Sisi tulichomeka i katikati tukapata "sitima".

Mtego mkubwa kuliko yote ni mtoto anayeongea vizuri. Jim Cummins, mtafiti wa Canada, alitenganisha mwaka 1979 lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Ile ya kwanza mtoto huipata kwa mwaka mmoja au miwili. Ya pili humchukua kama miaka mitano hadi saba. Mwalimu asiyefundishwa jambo hili humwona mtoto akitaniana uwanjani kwa Kiingereza safi, halafu darasani akiwa ameduwaa mbele ya aya moja ya kitabu, akamwita mvivu. Nimelisikia neno hilo kwa masikio yangu kwenye chumba cha walimu.

Sheria ya Marekani haina kigugumizi hapa. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama ya Juu ilisikiliza madai ya wanafunzi wenye asili ya China mjini San Francisco, ambako watoto wapatao 1,800 hawakuwa wakipata msaada wa ziada wa Kiingereza. Mahakama ikaona kwamba kumpa mtoto kitabu kile kile na mwalimu yule yule, ikiwa haelewi kinachosemwa, hakumpi elimu sawa. Mwaka 1981 mahakama ya rufaa, katika kesi ya Castañeda dhidi ya Pickard, ikaongeza masharti: mpango wa shule usimame juu ya nadharia inayokubalika, utekelezwe kwa watu na vifaa vya kutosha, na upimwe kama unaleta matokeo. Hao watu wa kutosha ni walimu. Watatoka wapi?

Kila jimbo lina njia yake. Kwa kawaida utahitaji shahada ya kwanza, masomo ya ualimu, mitihani, na kipindi cha kufundisha chini ya mlezi, mara nyingi muhula mmoja, tena mara nyingi bila malipo. Anayetaka Kihispania, katika majimbo mengi hupimwa pia namna anavyoongea. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu ni wa nyongeza. Kuna majimbo, Texas likiwemo, ambako mwenye leseni ya somo lolote anaweza kujiongezea Kiingereza kama lugha ya pili kwa kufaulu mtihani tu. Anakaa mbele ya kompyuta, anachagua majibu, anakabidhiwa watoto. Najua sababu: walimu hawatoshi, na shule haiwezi kusubiri. Lakini shule hiyo hiyo haitampa mtu darasa la fizikia kwa kuwa anaongea vizuri kuhusu fizikia.

Upungufu wenyewe nao si wa bahati mbaya. California ilipiga kura mwaka 1998 kuzuia sehemu kubwa ya elimu ya lugha mbili, ikaja kuiondoa sheria hiyo kwa kura nyingine mwaka 2016. Kwa miaka 18 madarasa hayo yalikuwa yamepungua sana, na bila madarasa mwanafunzi wa ualimu angefanyia mazoezi wapi?

Mimi mwenyewe mazoezi yangu yaliandikwa kwamba yatakuwa nusu kwa nusu. Nusu ya Kihispania niliipata. Nusu ya pili iliyeyuka: kila mzazi asiyejua Kiingereza alipofika mapokezi, niliitwa nikatafsiri. Nimetafsiri fomu za chanjo, ugomvi wa basi la shule, na kikao kimoja kizito kuhusu mtoto mwenye mahitaji maalumu ambacho kilistahili mkalimani mwenye ujuzi, si mimi. Siku nilizokaa na wanaojifunza Kiingereza hazifiki kumi na mbili. Kwenye karatasi zinahesabika zote.

Kuna kundi lingine linaloumia katikati: watoto waliozaliwa Marekani wanaoongea Kihispania nyumbani lakini hawajawahi kukiandika. Wanawekwa darasa moja na wanaoanza na salamu. Mmoja wao, mcheshi kuliko mwalimu wake, aliandika insha nzima akisahau kile kimstari juu ya n kila alipotaja umri. Bila kimstari hicho, "año", yaani mwaka, hugeuka kiungo cha mwili ambacho, Mhariri, hutakichapa. Kijana huyu hahitaji kufundishwa kuongea. Anahitaji mwalimu anayejua kwamba mahitaji yake ni tofauti, na mimi hilo nililijua kwa kukosea kwanza.

Ninachoomba si kikubwa. Asiyekaa muhula na wanaojifunza Kiingereza, akiwa na mlezi anayeijua kazi hiyo, asiongezewe kibali cha kuwafundisha, hata akipata alama zote kwenye kompyuta. Na muhula huo alipwe, maana kwa sasa wanaoumudu ni wenye mtu wa kuwalipia kodi ya nyumba, na hao si lazima wawe ndio wanaozijua lugha za watoto.

Nimemwandikia msimamizi wangu nikiomba wiki sita zilizobaki niwe kwenye darasa la watoto waliofika mwaka huu. Amejibu kwamba ataangalia, kisha akauliza kama Alhamisi nina nafasi ya kutafsiri.

Mwanafunzi wa ualimu,
Marekani