Ajira za kijani Pwani zinahitaji mnunuzi

Mhariri,

Kila viongozi wetu wa Pwani wanapozungumzia uchumi wa kijani, ahadi ya kwanza huwa ni mafunzo: vijana wafunzwe kufunga paneli za sola, kuchakata plastiki na kupanda mikoko. Sipingi mafunzo. Ninalouliza ni nani atakayemlipa kijana huyo akishahitimu, kwa maana hapa Mombasa wenye vyeti wanaoshinda barazani kwa kukosa kazi si haba.

Rai yangu ni kwamba mnunuzi wa kwanza awe kaunti zenyewe. Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta tayari zina umoja wao, Jumuiya ya Kaunti za Pwani, na kila moja ina hospitali, zahanati, masoko na ofisi zinazolipia umeme mwezi baada ya mwezi chini ya jua hili tunalolijua sote. Magavana wakikubaliana kuyawekea majengo hayo sola kwa mpango mmoja wa miaka kadhaa, badala ya kila mmoja kuzindua mradi wake wa kupigiwa picha, fundi wa Voi na mwenzake wa Likoni watajua kwamba mwakani kazi ipo, na mwenye duka la vifaa naye atathubutu kuajiri. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kwa hiyo mlango upo. Ila kijana aliyekopa ili anunue nyaya hawezi kungoja malipo mpaka mwaka upinduke.

Kwenye taka hoja ni ile ile. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe zinakotoka, na kaunti ziwe na vituo vya kuzichambua. Dampo la Kibarani lilifungwa na taka zikahamishiwa Mwakirunge, lakini wanaookota chupa na vyuma huko bado wanafanya hivyo bila mkataba, bila glavu na bila bima. Hao ndio wafanyakazi wa kijani tulio nao leo, na ingekuwa dhuluma kituo cha kisasa kikijengwa kisha kazi ipewe kampuni ya mbali, nao waishie kufukuzwa langoni.

Wanaodhani haya ni ndoto watazame Gazi, kule Kwale, ambako wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanahifadhi hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo mikoko hiyo inaifyonza, tangu mwaka 2013, fedha zikiingia kwenye maji na shule. Mradi huo hauajiri watu wengi, wala tusiutwike mzigo wa kumaliza ukosefu wa ajira Pwani nzima, lakini umedumu kwa sababu kuna anayenunua.

Mwaka mpya wa fedha huanza Julai. Nawaomba wawakilishi wadi wa kaunti zote sita, kabla hawajapitisha fedha nyingine za semina, waulize ni majengo mangapi ya kaunti yatawekwa sola, ni vikundi vingapi vya wazoaji taka vitapewa mkataba wa maandishi, na watalipwa baada ya siku ngapi.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa