Risala ya Wanachuo wa Mwaka wa Mwisho, Uhandisi Mitambo, kwa Mgeni Rasmi: Maonesho ya Miradi, Mwanza

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo na wahadhiri wetu,
Wenye viwanda na karakana,
Wazazi na wanachuo wenzetu,

Karibu sana. Meza ni nyingi, lakini kwa ruhusa yako risala hii itasimama kwenye moja tu: kikaushio cha dagaa cha jua.

Hesabu yake ni hii. Dagaa mbichi karibu robo tatu yake ni maji. Kilo 100 zikaushwe hadi unyevu wa asilimia 15, lazima zitoke kilo 70 za maji, na kila kilo ya maji inadai megajuli 2.4 hivi za joto ili igeuke mvuke. Jua la Mwanza tulihesabu kilowati-saa 5 kwa mita ya mraba kwa siku. Kikaushio kikinasa theluthi ya hizo, bati jeusi la kupokea jua, la mita 2 za mraba, litakausha dagaa wabichi kilo 7 kwa siku. Kilo saba, Mgeni Rasmi! Mwenye mtumbwi atacheka. Hesabu hii ifanywe kabla bati halijakatwa.

Kuna na suala la mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza; mbalamwezi ikikolea, mitumbwi hupumzika. Mzigo basi huja kwa mkupuo, kisha kikaushio hukaa bure. Ukikipima siku tatu za jua kali, wiki moja kabla ya kutetea mradi, hujajua lolote kuhusu masika.

Kwenye uundaji, feni ya volti 12 iliyounganishwa moja kwa moja na paneli husimama wingu likipita. Mvuke hugeuka matone kwenye nailoni ya kufunikia na kuwadondokea dagaa. Dohani ya kutolea hewa juu husaidia. Joto likivuka nyuzi 60 dagaa huanza kuiva, ngozi hukaza na maji hufungiwa ndani. Gunia likishonwa, ukungu unaanza. Wavu wa chuma cha kawaida hushika kutu. Mama anayegeuza dagaa kichanjani kule Igombe hana kipimajoto, lakini kwa kumvunja dagaa mmoja mkononi anajua kama ndani bado kuna maji.

Kwa hiyo maombi yetu. Viwanda vya Nyakato na Igogo vitupokee tangu muhula wa kwanza, tatizo likiwa limeandikwa kwa tarakimu: kilo ngapi, saa ngapi, dizeli lita ngapi. Fundi mkuu au mhandisi wa kiwanda awe msimamizi wa pili, na akae kwenye jopo la kutoa alama. Tupatiwe pia siku mbili kwa wiki kwenye karakana yenye mashine ya kukunja bati, maana kukunja kwa nyundo huacha mianya inayovujisha hewa moto. Na kila mradi unaohusu ziwa ukae mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, mwezi mzima, giza hadi giza, ndipo usahihishwe.

Kikaushio kiko meza ya nne. Trei ya chini ina dagaa wa jana asubuhi. Tunaomba uvunje mmoja.

Tunaomba kuwasilisha.