Maneno ya herufi X yafundishwe pamoja na asili yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu mtindo wa kuwakaririsha watoto maneno adimu ya Kiingereza yanayoanza na herufi X, herufi ambayo, kama ilivyo Q, haimo katika alfabeti ya Kiswahili sanifu. Juzi mwanangu wa darasa la nne alinisomea daftari lake: "xylophone", "xylem", "xenon". La kwanza alilitamka "eksilofoni", kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwamba X ikianza neno la Kiingereza kwa kawaida husikika kama Z yetu. Wala hakujua kuwa "xylophone" ni ala ya muziki, ndugu wa marimba. Laiti angeambiwa kwamba maneno hayo yana asili ya Kigiriki, na kwamba "xylon" ni mti au ubao, angeona mara moja kwa nini ala ya vibao na mishipa inayopandisha maji katika mmea ("xylem") zina majina yanayoanza sawasawa. ("Xenon", gesi iliyogunduliwa mwaka 1898, maana yake ni mgeni.) Mtihani wa tahajia, ambao nadhani ndio unaowakimbiza walimu, hauulizi hayo.

Mzazi,
Tanga