Barua ya malalamiko: moshi si ladha ya kokoa ya Kyela

Dar es Salaam,
14 Julai 2025.

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU JIONI YA KUONJA CHOKOLETI NA VINYWAJI, JUMAMOSI TAREHE 5 JULAI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua tiketi mbili za jioni hiyo, yangu na ya mama yangu mzazi, shilingi 70,000 kila moja, na risiti ninayo. Mama alikuwa amekuja Dar kwa ajili ya Sabasaba. Ni mkulima wa kokoa Kyela, mkoani Mbeya, ameilima tangu sijaanza shule, na ada zangu zote zimetoka kwenye kokoa hiyo. Niliposoma kwenye tangazo lenu kwamba moja ya chokoleti sita imetengenezwa kwa kokoa ya Kyela, nililipa siku hiyohiyo.

Nianze na chokoleti zenyewe. Sahani zilitolewa kwenye friji mbele yetu na kuwekwa mezani zikiwa za baridi. Ukumbi ulikuwa na joto, milango ya upande wa bahari iko wazi, na mtoa mada hajamaliza kujitambulisha vipande vikaanza kutoa jasho. Mhudumu akapita akivifuta kwa tishu. Vilipokauka vilikuwa na utando mweupe, na nilipopitisha kidole niliusikia ukikwaruza kama chumvi laini. Ile ni sukari. Unyevu wa hewani ukitua juu ya chokoleti baridi huyeyusha sukari yake, kisha maji yakikauka sukari inabaki juu, imeganda chembechembe. Haimdhuru mlaji, ila ule ulaini mtu aliolipia umeshapotea.

Mafuta ya kokoa yana namna kadhaa za kuganda, na kazi kubwa ya fundi wa chokoleti ni kuyapasha na kuyapoza mpaka yagande kwa namna moja tu, ile inayoifanya ing'ae, ikatike kwa mlio, na iyeyuke ikikaribia nyuzi joto 34, chini kidogo ya joto la mwili. Kwa hiyo ulimi wenyewe ndio unaoiyeyusha, na inapoyeyuka ndipo harufu inapopanda puani. Ikitoka kwenye friji inakaa mdomoni kama nta. Mama aliweka kipande cha kwanza ulimini, akangoja kama alivyoelekezwa, akazidi kungoja, mwisho akakitafuna kama karanga. Meza nzima tulitafuna. Kipande cha tatu kilikuwa na harufu ya kitunguu, kwa sababu mafuta ya kokoa hunyonya kila harufu iliyo jirani, na friji yenu bila shaka ni ya jikoni. Chumba chenye kiyoyozi, mbali na vyakula, kingetosha.

Vinywaji navyo vilipangwa bila kufikiriwa. Mlianza na pombe kali, glasi ndogo kwa kila mtu, halafu ndipo ikaja chokoleti ya maziwa. Ulimi umeshaungua, utasikia nini kwenye maziwa na sukari? Ile chungu yenye asilimia 70 ya kokoa mkaiweka na mvinyo mwekundu mkavu. Mvinyo wa namna hiyo una ukakasi, na chokoleti chungu ina ukakasi wake; vikikutana mdomo unakauka kama mtu aliyeuma ndizi mbichi. Waonjaji wazoefu huchagua mvinyo ambao utamu wake haushindwi na wa chokoleti. Mvinyo mtamu wa Dodoma ungefaa, na unauzwa hapahapa mjini.

Hili kwetu si jambo geni hata kidogo. Kijiweni mtu hunywa kahawa chungu mkono mmoja, mwingine umeshika kashata. Zanzibar kahawa hiyo hunywewa na halua, na Maskati vivyo hivyo. Kila aliyekua karibu na birika la kahawa anajua kwamba kichungu kinataka kitamu cha kukipokea. Mlikuwa na haya yote ya kuanzia, mkaenda kutafuta glasi ndefu na majina ya kigeni.

Mama hanywi pombe. Tangazo lenu lilisema vitakuwepo vinywaji visivyo na kilevi vilivyochaguliwa maalum. Alipewa soda ya machungwa yenye barafu, ileile kwa chokoleti zote sita, na maji ya kusafisha mdomo hayakuletwa mpaka nilipoyaomba. Basi la kutoka Kyela kwenda Mbeya hupanda Tukuyu likipita katikati ya mashamba ya chai. Chai ya Rungwe ya uvuguvugu, bila maziwa, ndiyo ingemfaa. Huo ukakasi wake mdogo unafuta mafuta mdomoni na kuacha nafasi ya kipande kinachofuata. Nilipofika nyumbani nilimchemshia, tukaionja na kipande nilichokuwa nimekifunga kwenye kitambaa, nacho kimeshapoteza ubaridi. Hapo ndipo mama aliposema, "Sasa naisikia."

Lakini barua hii nisingeiandika kama si chokoleti ya tano, ile ya Kyela.

Mtoa mada wenu, kijana mwenye sauti nzuri, alituambia tufumbe macho tutafute ladha ya moshi. Akasema moshi huo ni zawadi ya udongo wa volkano ya Mlima Rungwe, na kwamba ndio unaoitofautisha kokoa ya Kyela na nyingine zote. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mama alifumbua macho, akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Huu ni moshi wa kuni. Hii kokoa imekaushiwa motoni."

Akanyoosha mkono. Kijana akamwambia, "Mama, maswali tutayachukua mwishoni." Mwishoni ukaja muziki na mauzo ya maboksi.

Naomba mnielewe ni kwa nini jambo hili limeniuma. Kokoa haizaliwi na ladha ya chokoleti. Punje mbichi ukiikausha hivihivi inabaki chungu na ya kijivu, na hakuna fundi wa kuifanya iwe kitu. Ladha inaanza kutengenezwa kwa mkulima, kwenye sanduku la mbao la kuvundikia. Mama hufunika punje kwa majani ya migomba. Siku mbili za kwanza maji ya utamu hutoka chini na nyumba nzima inanukia kama pombe; kisha harufu inageuka ya siki, na joto ndani linapanda hadi nyuzi 45 na zaidi. Hana kipimajoto. Anaingiza mkono chini ya majani, anahesabu kimoyomoyo, na akishindwa kuuacha humo anajua ni siku ya kugeuza. Siku ya sita anapasua punje moja kwa kisu. Ikiwa ya kahawia na imepasukapasuka ndani, anaitoa kwenda kwenye vichanja.

Kwenye vichanja ndipo mvua inapotutesa. Kyela mvua ni nyingi, na kokoa isipokauka vizuri inaota ukungu. Mwaka mmoja, nikiwa darasa la tano, mvua ilishika siku nne mfululizo, na mama akaisogeza kokoa jikoni juu ya moto wa kuni ili isioze. Tulipoipeleka kuuza, mpima mizani alichota kiganja kimoja, akakinusa, akalirudisha gunia kwa mguu. Sijasahau sura ya mama. Tangu hapo, mawingu yakitanda huacha chochote anachofanya, hata kula, akakimbilia kufunika vichanja. Viwango vya biashara ya kokoa duniani vinataka punje zisiwe na harufu ya moshi, kwa sababu ikishaingia kwenye mafuta yake haitoki, uikaange, uisage, uichanganye na sukari utakavyo.

Sasa ninyi mmechukua kasoro ileile iliyomrudishia mama yangu gunia, mkaiuza kwa shilingi 70,000 kama sifa ya nyumbani kwake. Waliokuwepo wameondoka wakiamini kokoa ya Kyela ndivyo ilivyo. Atakayeonja kesho kokoa ya Kyela iliyovundikwa na kuanikwa vizuri ataiona si halisi. Na mtu pekee ukumbini aliyejua ukweli, ambaye mikono yake ndiyo inayofanya kazi mliyokuwa mnaisimulia, aliambiwa asubiri.

Siku mbili baadaye niliwatumia ujumbe. Nilijibiwa "Asante kwa maoni yako" na punguzo la asilimia 10 kwa tukio lijalo. Punguzo hilo silitaki.

Ninachoomba ni kurudishiwa shilingi 140,000, kwa kuwa kilichotangazwa sicho tulichopewa. Naomba pia mwandikie watu wote waliohudhuria, anwani zao mnazo, muwaambie wazi kwamba ladha ya moshi kwenye chokoleti ya tano ilitokana na ukaushaji na si udongo wa Kyela. Kabla ya hapo mkaulize mlikoinunua kokoa hiyo, ilikaushwa wapi na vipi. Kama kuna mkulima aliyekaushia motoni kwa sababu ya mvua, simlaumu, najua kilichompeleka huko. Ninyi mliosimama mbele za watu na kipaza sauti ndio mliopaswa kujua tofauti. Na naomba kijana yule ampigie mama simu. Amsikilize tu. Mama hana kinyongo naye. Alisema anaongea vizuri, ila hajawahi kuingiza mkono kwenye sanduku.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha ya vipande vyenye utando mweupe, na picha ya tangazo lenu. Kipande kilichobaki cha chokoleti ya tano nimekihifadhi, mkitaka tukionje pamoja, pembeni tukiwa na punje za mama alizokuja nazo kutoka nyumbani, ninyi wenyewe mzipasue na mzinuse.

Mama anarudi Kyela Jumatatu ijayo, tarehe 21, kwa basi la alfajiri. Namba yangu ya simu iko kwenye fomu ya tiketi.

Wenu,
Mteja.