Risala ya Klabu ya Habari na Utangazaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Televisheni Duniani

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Walimu, wazazi na walezi wetu,
Wanafunzi wenzetu,

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi chini ya mwembe huu, katika jua la Novemba. Leo ni tarehe 21, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1996 iwe Siku ya Televisheni Duniani. Kwa muhula mzima klabu yetu, chini ya mwalimu mlezi, imekuwa ikisoma jinsi televisheni ilivyoanza nchini Marekani, tangu maabara za miaka ya 1920 mpaka ilipoingia karibu kila sebule mwishoni mwa miaka ya 1950. Tunaomba utuvumilie tukueleze tuliyoyakuta, maana ombi letu la leo limetoka humo humo.

Tulianza kwa ubishi. Nani aliyevumbua televisheni? Mwenzetu mmoja alimtaja John Logie Baird, aliyeonyesha picha zake jijini London Januari 1926. Mwingine akamtaja Charles Francis Jenkins, Mmarekani aliyekuwa akirusha vivuli vya watu hewani mwaka 1928. Wote hao walitumia sahani yenye matundu iliyozungushwa kwa mota. Lakini televisheni waliyoinunua wazazi wetu haikuwa na sahani ya kuzunguka ndani yake, na tulipotafuta ilikotoka tulikutana na kijana wa rika letu.

Philo Farnsworth alizaliwa Utah mwaka 1906, akakulia shambani Idaho. Inasimuliwa kwamba akiwa na miaka 14, akilima shamba la viazi kwa plau la farasi, aligeuka akatazama mistari aliyoiacha nyuma, akawaza kuwa picha nayo inaweza kulimwa namna hiyo: mstari baada ya mstari, kwa mwale wa elektroni, upesi kiasi kwamba jicho lisiione mistari bali lione picha nzima. Mwaka 1922 alimchorea wazo hilo mwalimu wake wa kemia, Justin Tolman. Mwalimu alikaa akamsikiliza. Tarehe 7 Septemba 1927, akiwa na miaka 21, Farnsworth alirusha picha yake ya kwanza katika maabara yake San Francisco. Ilikuwa mstari mmoja tu. Ulipogeuzwa chumba cha huku, ukageuka kwenye kioo cha chumba cha pili.

Ndugu Mgeni Rasmi, hapa ndipo tulipoanza kusoma kwa hamu. Kampuni kubwa ya redio, RCA, ilikuwa na mhandisi wake, Vladimir Zworykin, na ikadai kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Shauri la hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, likafunguliwa. Farnsworth angethibitishaje alichokiwaza akiwa mvulana wa sekondari? Alitafutwa mwalimu Tolman, naye akatoa ushahidi juu ya mchoro aliochorewa miaka mingi nyuma. Hatusemi maneno ya mwalimu peke yake ndiyo yaliyoamua, kwa kuwa wanasheria walipima mengi. Ila katikati ya miaka ya 1930 uamuzi ulikwenda upande wa Farnsworth, na mwaka 1939 RCA ilikubali kumlipa ili itumie uvumbuzi wake. Walimu wetu, tulipofika hapo tuliwataja ninyi.

Mwaka huo huo wa 1939, tarehe 30 Aprili, RCA ilirusha ufunguzi wa Maonyesho ya Dunia jijini New York, na Franklin Roosevelt akawa rais wa kwanza wa Marekani kuonekana kwenye televisheni akiwa madarakani. Waliomwona walikuwa wachache, kwa sababu mashine zilikuwa chache na bei ilikuwa kubwa. Matangazo ya kibiashara yaliruhusiwa rasmi kuanzia tarehe 1 Julai 1941, kwa picha ya mistari 525. Siku hiyo kampuni ya saa ya Bulova ililipa dola 9, na watazamaji wakaonyeshwa sura ya saa juu ya ramani ya Marekani. Kisha vita vikaingia, viwanda vikaacha kutengeneza televisheni vikatengeneza rada na redio za jeshi, na mambo yakasimama mpaka mwaka 1945.

Baada ya vita mambo yalikwenda mbio. Fainali za besiboli za mwaka 1947 zilitazamwa na watu wanaokadiriwa kufikia milioni 3.9, wengi wao wakiwa wamejazana baa, kama wazee wetu wanavyotuambia walivyokuwa wakijazana kwa jirani mwenye televisheni baada ya vituo vya kwanza kufunguliwa Tanzania Bara mwaka 1994. (Ndugu zetu wa Zanzibar wanatukumbusha kila mara kwamba wao walianza mwaka 1973, tena kwa rangi, na ni haki yao kutukumbusha.) Mwaka 1950 nyumba zenye televisheni Marekani zilikuwa takriban asilimia 9. Mwaka 1960 zilikaribia asilimia 87.

Maombi ya vituo yakawa mengi, masafa yakaanza kugongana, na Septemba 1948 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ikasimamisha utoaji wa leseni mpya hadi Aprili 1952. Katika kipindi hicho cha kusubiri, mwanamke wa kwanza kuwa kamishna wa tume hiyo, Frieda Hennock, alipigania elimu itengewe nafasi kabla wafanyabiashara hawajagawana zote. Zikatengwa chaneli 242. Tarehe 25 Mei 1953 Chuo Kikuu cha Houston kikawasha KUHT, kituo cha kwanza cha elimu kati ya hizo. Wasichana wa klabu yetu wamebandika jina la Hennock ukutani, na bado lipo.

Sasa tunaomba tuseme jambo ambalo lilitunyima usingizi.

Karibu kila kitu kilichorushwa miaka ile kilikuwa mubashara. Mwigizaji akikosea, nchi imeona. Taa zilikuwa kali, watu walilowa jasho mbele ya kamera, kipindi kikaisha, na kikawa kimekwisha kweli kweli. Hapakuwa na kanda. Kuanzia mwaka 1947 ilitumika njia ya kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni na kuirekodi picha ikipita. Ilikuwa na ukungu, lakini ndiyo iliyowawezesha watu wa pwani ya magharibi ya Marekani kuona vya pwani ya mashariki, kwa kuwa nyaya za kuunganisha pwani hizo mbili zilikamilika Septemba 1951 tu. Filamu hizo zikishazungushwa vituoni, nyingi ziliyeyushwa ili madini yake ya fedha yatumike tena, au zikatupwa. Kanda ya video ilipofika mwaka 1956 ilikuwa ghali mno, kwa hiyo vituo vilifuta cha jana ili virekodi cha leo.

Palikuwa na mtandao wa vituo ulioitwa DuMont, ulioanzishwa na mhandisi Allen DuMont. Haukuwa na utajiri wa redio nyuma yake kama mitandao mikubwa ya NBC na CBS, ukafa mwaka 1956. Mwaka 1996 mwigizaji Edie Adams alitoa ushahidi mbele ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Alisema kwamba miaka ya 1970 filamu za DuMont zilizokuwa zimebaki zilipakiwa kwenye malori matatu usiku, zikapelekwa kwenye tishari, na zikamwagwa katika ghuba ya New York. Sababu ni kwamba hakuna aliyetaka kulipia ghala.

Mwaka 1950 DuMont ilimpa kipindi mpiga piano Hazel Scott, mzaliwa wa Trinidad, mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kuwa na kipindi chake mwenyewe kwenye mtandao wa taifa. Ilikuwa nchi ambayo, katika majimbo ya kusini, mtu kama yeye hakuruhusiwa kukaa kiti cha mbele cha basi. Jina lake lilipoandikwa kwenye orodha ya wanaoshukiwa kuwa wakomunisti, aliomba mwenyewe kwenda kuhojiwa na kamati ya Bunge, akasema yake tarehe 22 Septemba. Wiki moja baadaye kipindi kilifutwa. Kwa vidole vyake tunazo rekodi za muziki na filamu za sinema, ila kipindi kile chenyewe hakijulikani kubaki hata kimoja. Msichana aliyempata katika utafiti wetu alitafuta siku tatu kwenye kompyuta ya maabara, akiamini kuna mahali kimejificha. Siku ya nne alitujulisha, akakaa.

Upande mwingine wapo waliotunza. Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz, walipoanza vichekesho vyao Oktoba 1951, walitakiwa wakaigizie New York mubashara ili watazamaji wengi wapate picha safi. Wao walitaka kubaki Hollywood. Wakakubali kupunguziwa malipo, wakarekodi kwa filamu ya sinema yenye ubora, kamera tatu kwa mkupuo, watu wakiwa wamekaa mbele yao wakicheka, na filamu zikawa mali yao. Ndiyo maana wajukuu wa watazamaji wale bado wanavitazama, na Ball na Arnaz ndio waliowaonyesha wenzao kwamba kipindi cha zamani kinaweza kuuzwa tena.

Na mtangazaji Edward R. Murrow wa CBS, tarehe 9 Machi 1954, alipotaka nchi imwone seneta Joseph McCarthy jinsi alivyokuwa akiwashutumu watu kuwa wakomunisti, hakumtukana. Sehemu kubwa ya kipindi alimwachia McCarthy mwenyewe aongee, kwa filamu ambazo yeye na mwenzake Fred Friendly walikuwa wamezikusanya za hotuba na mahojiano yake. Desemba mwaka huo Seneti ikampitishia McCarthy azimio la karipio. Yako mengine yaliyochangia, lakini klabu yetu imejiuliza: Murrow angesema nini usiku ule kama filamu zile zingekuwa zimefutwa?

Ndugu Mgeni Rasmi, tunajua maumivu ya kufuta. Mwaka jana tulimhoji mzee mmoja wa mtaa wetu aliyefanya kazi reli ujana wake wote. Alitueleza jinsi walivyokuwa wakibadilisha mataruma usiku kwa mwanga wa taa za mafuta, akatuimbia wimbo wa kunyanyulia chuma. Dakika 47 tulizirekodi kwa simu ya klabu. Mwezi wa sita simu ilijaa, tukahitaji nafasi ya kurekodi mahafali, tukafuta. Tuliambiana tutarudi kwake. Mzee alitangulia mbele za haki mwezi wa tisa. Familia yake ilikuja kutuomba ile sauti iwafariji, na hatukuwa na cha kuwapa. Katibu wa klabu, ambaye ndiye anayekusomea risala hii, ndiye aliyebonyeza.

Kwa hiyo, pamoja na kwamba klabu ina upungufu wa vipaza sauti na stendi ya kamera, na watu wengi walitushauri tuombe kamera mpya, tumekaa kikao tukakubaliana kuomba yafuatayo tu. Kwanza, diski mbili za nje za kuhifadhia kazi zetu, moja ikae ofisi ya Mkuu wa Shule na nyingine kwa mwalimu mlezi, ili moja ikiharibika nyingine iwepo. Pili, kabati la chuma lenye kufuli, maana mchwa wa hapa wanafahamika. Tatu, utusaidie tupate mtu wa maktaba au wa nyaraka aje siku moja tu atufundishe kuandika rekodi: nani kahojiwa, wapi, lini, na ameridhia itumikeje.

Kwa upande wetu tumeshaanza. Tumefungua daftari la kumbukumbu na mistari 19 imejaa, na katika mmojawapo tumeandika mahojiano ya mzee yule pamoja na neno "yamefutwa", ili atakayekuja baada yetu ajue kwamba yaliwahi kuwepo. Tumewaomba pia watoto wake watufundishe ule wimbo kadiri wanavyoukumbuka, na Jumamosi ijayo tutakwenda.

Mwisho, Ndugu Mgeni Rasmi, baada ya chakula wenzetu wawili watakuja mezani kwako na simu. Wangependa uwaambie ni nyumba ya nani ulikoona televisheni kwa mara ya kwanza, na siku hiyo ilionyesha nini. Ukiridhia, yatakuwa mahojiano yetu ya 20.

Tunaomba kuwasilisha.