Bakari, sijatajirika

Cleveland, Ohio
Jumapili usiku

Swahiba Bakari,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitafuna. Hawajambo huko? Mguu wa Mama Mkubwa, watoto, na huyo jogoo wako mwenye kesi na majirani? Nimekaa kimya wiki tatu, na sababu unaijua. Leo sitaki kukutumia sauti. Sauti zimeniponza. Naandika.

Kwanza lile kubwa: sijatajirika. Mwambie Athumani. Mwambie na Zuhura, na yule fundi aliyenipigia jana saa nane za usiku wa huku kuniuliza kama nataka vigae vya ndani tu au na vya uani. Vigae, Bakari! Mimi nimepanga chumba na Wakongo wawili, na friji letu halifungi mpaka uliegemeze kiti.

Ile sauti nilikutumia wewe peke yako, saa saba za usiku, natetemeka. Nilisema usimwambie mtu. Wewe ukaenda kuifungulia barazani kwa Mzee Hoza, tena kwa spika. Haya, yamepita. Lakini nasikia huko mnasimuliana mengine kabisa, mara nimefukua hazina, mara nimerithi mzungu. Sasa kaa nikwambie ilivyokuwa.

Kazi yangu unaijua, kuondoa vitu kwenye nyumba za marehemu. Watoto wakishachukua dhahabu na picha, kilichobaki tunakipakia kwenye lori. Nyumba ile ilikuwa ya mwalimu mstaafu. Binti yake, mama wa makamo, alitupokea asubuhi, akasema magazeti yote yaliyoko chini ya ngazi ni ya kutupa. Alisema kwa mdomo wake mwenyewe. Liweke hilo, nitalirudia.

Boksi la tatu, chini ya majarida ya bustani, nikaona gari la kijani. Mtu mwenye joho jekundu amelinyanyua juu ya kichwa analibamiza kwenye mwamba, gurudumu limechomoka, na pembeni kushoto jamaa anakimbia kajishika kichwa kwa mikono miwili, kama aliyekumbuka kaacha maharage motoni. Juu yake: Action Comics, namba 1, Juni 1938, senti 10. Magoti yakalegea.

Maana hicho kitu nakijua. Huyo mwenye joho ni Superman, yule shujaa wa katuni, na hilo ndilo gazeti lenye hadithi yake ya kwanza. Superman kazaliwa mji huu huu. Jerry Siegel aliandika, Joe Shuster akachora, vijana wawili waliosoma sekondari ya Glenville. Nyumba ya Siegel ipo mpaka leo, barabara ya Kimberly, na uzio wake una ile alama ya S. Ya Shuster ilishabomolewa, lakini kwenye uzio wa kiwanja wamebandika kurasa za hadithi ile ya kwanza, zimekuzwa, unasoma huku unatembea. Nimezisoma zote. Superman wa mwanzo hata kupaa hajui, anachupa tu, mchupo mmoja kama mita 200. Wala hapigani na majitu ya sayari nyingine. Usiku mmoja anavunja mlango nyumbani kwa gavana ili mwanamke asiye na hatia asiuawe, halafu anamkuta mwanamume anampiga mkewe, anamshughulikia mpaka jamaa anazimia. Angepita barabara ya kumi na mbili enzi zetu asingekosa kazi.

Na bei nazijua. Mwaka 2024 nakala moja ilikwenda mnadani kwa dola milioni 6. Kwa hela ya kwetu Bongo ni kama shilingi bilioni 15. Zilichapwa kama 200,000, zilizobaki zinakadiriwa kuwa kama 100 tu. Nyingine zilisomwa zikachanika, mama wenye nyumba wakazitupa, na wakati wa Vita vya Pili watoto walizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya makaratasi yakatumike tena viwandani. Basi ndiyo hivyo, mimi nimepiga magoti chini ya ngazi ya marehemu, nimeshika bilioni 15, na bosi wangu yuko juu anafoka nikashike kabati.

Nikalitia ndani ya jaketi. Sikusema neno, Bakari.

Usiku wa kwanza nililiweka chini ya godoro. Nikaogopa nitalikunja, nikalitandika juu ya godoro, mimi nikalala sakafuni. Sauti niliyokutumia nilikuwa nimelala sakafuni. Mkongo mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Siku ya tano nikalipeleka kwa mzee mmoja mwenye duka la katuni za kale. Hata kulifungua hakulifungua. Alitoa rula. Urefu sentimita 34, upana 25. La kweli, akasema, ni kama 27 kwa 20. Kumbe mwaka 1974 kampuni ile ile ilichapa upya toleo zima, hadithi zote, matangazo yote ya zamani, ila kwa umbo kubwa zaidi, ikalivika jalada la nje la karatasi ngumu linalosema wazi kuwa hii ni chapa mpya. Ukilichomoa hilo la nje, unabaki na gari la kijani, na 1938, na senti 10. Ndilo tapeli hulichomoa akamtafute mjinga, na saa nyingine mjinga hujitafuta mwenyewe chini ya ngazi. Mzee akanirudishia gazeti langu kwa mikono miwili, kwa adabu, kama unavyomrudishia mtu mtoto aliyekojoa.

Nilicheka pale dukani. Nimecheka hadi kituo cha basi. Kisha sikucheka tena.

Narudi kwa yule binti. Alisema tupa, kweli. Kwa hiyo nilichukua takataka, na takataka haina mwenyewe. Ndivyo nilivyokuwa najiambia siku zote nne, na nilikuwa najiambia kwa sauti, wakati jambo la halali huna haja ya kujirudiarudia. Yeye alitupa kwa kuwa hakujua. Mimi niliokota nikijua, au nikidhani najua, ni yale yale.

Unajua wale vijana wawili wa Superman walilipwa ngapi? Dola 130 kwa kurasa 13, na haki zote za Superman zikaenda na hiyo hela. Hundi iliyobeba hizo 130 pamoja na malipo mengine waliyokuwa wanadai iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000. Hundi, karatasi ya benki! Wao wenyewe walikuja kupewa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka, na hiyo ni 1975, wamezeeka, baada ya makelele magazetini. Kila nikipita ule uzio nilikuwa nawalaani wale wachapishaji. Wezi, nilikuwa nasema. Lakini mwaka 1938 hata mchapishaji hakujua ananunua nini. Mimi nilijua, nikafunga zipu.

Sasa sijui. Lingekuwa la kweli ningemwambia? Nataka kusema ndiyo. Nikifika hapo naona ile nyumba ya mama yenye paa jipya, naona na... basi.

Nina ombi. Lile boksi langu la magazeti ya katuni ya Sani, liko bado uvunguni kwa Mama Mkubwa? Si kwa ajili ya bei, usiniletee maneno. Ni yale ya akina Madenge na Ndumilakuwili tuliyokuwa tunachangishana hela kununua, moja watu watano. Lihamishe, naomba, liweke juu ya kabati, panya wasifike, na huyo mpangaji anayekaanga vitumbua asilione kabisa. Unakumbuka zile karanga za stendi, tukafungua kikaratasi tukamkuta Madenge, kiwiliwili tupu, kichwa kimekwenda na mteja mwingine? Ulitaka tumfukuze mteja.

Nijibu basi. Mama amesikia? Alisemaje, alifurahi au alininyamazia? Athumani kweli amekopa duka kwa jina langu, au Zuhura ananitania? Na yule binti, namba yake ninayo kwenye karatasi ya kazi. Nimpigie? Nimwambie nini, kwamba nilikuibia kitu ambacho hakikuwa kitu? Wewe ungempigia? Usinijibu kwa sauti, na usimuulize Mzee Hoza.

Na yule fundi, vya uani alisema shilingi ngapi kwa boksi? Nauliza tu.

Wako,
Kassimu