Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wa Jikoni Nao Walikuwa Mabaharia

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum, na shikamooni wazee wetu.

Tangu mkutano uliopita tumewazika wazee wawili waliopitia shule ya mabaharia ya Sharpness, Uingereza, iliyokuwa kwenye meli Vindicatrix. Mmoja tuliwahi kukaa naye tukarekodi sauti yake kwa saa mbili na ushei. Wa pili tulimwahidi kwamba tutakwenda kumsikiliza baada ya Idi, na tulipopiga simu kupanga siku, aliyepokea ni mwanawe, yuko matangani. Naanza na hili kwa sababu ndilo lililoniamulia kazi zote za mwaka. Vijana wa mwisho walitoka pale mwishoni mwa 1966. Aliyekuwa mdogo wao siku ile leo ana miaka 75 hivi. Kwa hesabu hiyo, hatuna tena nafasi ya kuahirisha rekodi hata moja.

Kwa wajukuu mlioandikishwa mwaka huu, nieleze kwa ufupi chombo chenyewe. Kiliundwa Port Glasgow, Uskoti, mwaka 1893: meli ya matanga yenye milingoti mitatu, jina lake Arranmoor. Baadaye Wajerumani waliinunua wakaiita Waltraute. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia iliwaangukia Waingereza, nao wakaipa jina la tatu, Vindicatrix. Haikutweka tanga tena. Ilifanywa nyumba ya kufundishia vijana, kwanza Gravesend kwenye mto Thames, kisha mwaka 1939 ikakokotwa hadi Sharpness, kando ya mto Severn, ikafungwa gatini kwenye tawi la zamani la mfereji unaokwenda Gloucester. Hapo ilikaa miaka 27. Hesabu inayotajwa siku zote ni vijana 70,000 hivi, wengi wao wa miaka 16 na 17, wakiandaliwa kwa meli za biashara. Wenyewe waliiita Vindi, na hadi leo wakikutana wazee wawili hawaulizani shule gani, huulizana mwaka gani. Mwaka 1967 ilipelekwa Newport, Wales, ikavunjwa vyuma chakavu, na mafunzo yakahamia chuo kipya Gravesend.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nilipopokea uenyekiti nilifungua makasha yetu yote, moja baada ya jingine. Picha za meli tunazo tele. Vijana wakivuta makasia ya mashua ya kuokolea, wapo. Wakipiga mafundo, wakiunga kamba, wakikariri dira, wapo. Nikatafuta picha ya kijana aliyeshika sinia. Nikapata moja tu, na nyuma yake hapakuandikwa jina.

Lakini shule ile ilikuwa na pande mbili. Kulikuwa na vijana wa sitaha, na kulikuwa na vijana wa jikoni na mezani, ambao kozi yao ilikuwa fupi zaidi. Walifundishwa kutandika kitanda cha abiria, kukunja vitambaa vya meza, kubeba sahani bila kumwaga mchuzi meli ikilala ubavu. Tena wote, wa pande zote mbili, walimenya viazi na kusugua shaba. Baba yangu alikuwa wa upande huo wa pili. Aliingia Vindi 1958, na mwaka uliofuata alikuwa mhudumu kwenye Kenya Castle, meli ya kampuni ya Union-Castle iliyokuwa ikizunguka Afrika na kufika Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa. Bila safari ile asingeshuka Kilindini, asingemwona mama, nami nisingekuwepo kuwaandikia. Hata hivyo, maisha yake yote, akiulizwa na wageni kama alikuwa baharia, alijibu kwanza kwamba alikuwa mtu wa mezani tu. Neno lile “tu” lilikuwa likiniuma nikiwa mdogo, na linaniuma zaidi sasa ninapoona kwamba hata sisi, watoto wao, tumeliandika ndani ya makasha yetu kwa kutotia humo kitu chao.

Kwetu pwani tuna tabia hiyo hiyo. Tunamtaja nahodha, tunamtaja serangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, mpishi tunamkumbuka njaa ikiuma. Ila vitani torpedo ya adui haikuchagua. Nendeni Tower Hill, London, mkasome ukumbusho wa mabaharia wa meli za biashara na za uvuvi wasio na kaburi ila bahari. Wa Vita vya Pili peke yao wanakaribia 24,000, wameorodheshwa chini ya majina ya meli zao. Mpishi yuko kwenye ubao mmoja na nahodha wake. Waliouchonga ukumbusho ule walilielewa jambo hili kabla yetu.

Kwa hiyo kamati iliamua kwamba mwaka huu tuwatafute wazee wa jikoni kwanza. Tumerekodi watano. Mwanzoni karibu wote walikataa, wakisema hawana la kusimulia, tuwatafute wa sitaha. Tulijifunza kutouliza habari za meli. Tuliuliza chakula kilikuwaje. Hapo ndipo midomo ilipofunguka: baridi ya asubuhi, njaa isiyokwisha ya kijana anayekua, mkate uliofichwa chini ya mto, na fahari ya mara ya kwanza kuvaa koti jeupe lililopigwa pasi. Mmoja alinyanyuka kitini, akachukua sahani tatu kabatini, akazipanga kwenye mkono mmoja kama alivyofundishwa zaidi ya miaka 60 iliyopita. Hazikutikisika. Mjukuu wake alikuwa hajawahi kumwona akifanya hivyo.

Rekodi iliyonigusa kuliko zote ni ya mzee aliyekuwa shuleni Sharpness usiku wa 25 Oktoba 1960. Wanaoijua Severn wanajua kwamba maji yake hujaa na kupwa kwa kimo ambacho ni miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Bamvua yetu ya hapa ni mchezo mbele yake. Usiku ule ulikuwa wa ukungu. Mashua mbili za mafuta, Arkendale H na Wastdale H, zilishindwa kuingia bandari ya Sharpness, mkondo ukazisukuma juu ya mto zikiwa zimegandana, zikagonga nguzo ya daraja la reli. Sehemu ya daraja ilianguka, mafuta yakashika moto, na mto ukawaka. Watu wanane walikuwa kwenye mashua hizo, watano walikufa. Mzee wetu alisema kwamba asubuhi yake darasani hakuna aliyezungumza, na kwamba siku ile ndiyo aliyojua amechagua kazi gani. Wiki kadhaa baadaye alipanda meli yake ya kwanza. Mabaki ya mashua zile bado yanaonekana maji yakipwa. Wanachama waliotembelea Sharpness mwaka huu waliyaona, wakasimama kimya kidogo.

Lipo la kusikitisha ambalo lazima niliseme. Kasha moja la picha tulilolituma kwa ndege lilifika limelowa, na picha kumi na mbili hazikufaa tena. Tulililipia bima, bado hatujalipwa. Lawama ya kutuma picha bila nakala ni yangu kama mwenyekiti. Tangu hapo hakuna karatasi inayotoka mikononi mwetu kabla ya kupigwa picha na kuhifadhiwa sehemu mbili, Mombasa na Uingereza.

Hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina. Kwa kifupi, ada zimetutosha kwa nauli na vifaa vya kurekodia, hatuna deni. Naomba tusiongeze ada, kwa sababu wazee wengi wanaishi kwa pensheni.

Tarehe 3 Septemba, siku ambayo Uingereza huwakumbuka mabaharia wa meli za biashara, wenzetu walio huko watakwenda Tower Hill. Sisi wa huku tutakutana na kusikiliza rekodi zote tano, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuzikata. Wenye wazazi au mababu waliokuwa upande wa jikoni, leteni chochote: kitabu cha baharia, menyu ya chakula cha meli, kijiko chenye nembo ya kampuni, hata daftari la mapishi. Yule kijana wa picha ile moja, mwenye sinia, tutamweka mezani mbele ya wote. Huenda akatokea anayemjua. Mimi nitakuja na koti jeupe la baba. Vifungo viwili vimepotea, sijavibadilisha.

Wenu,
Mwenyekiti